Karatasi Zikiangalia Chini

Jumatatu, 3 Machi

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: mimi husoma karatasi za watu.

Sisemi barua za kwenye bahasha. Nasema karatasi zinazotoka kwenye printa yetu, iliyo juu ya meza ndogo chini ya ngazi, mahali ambapo kila anayeingia na kila anayeshuka lazima apite. Printa hutoa karatasi zikiangalia juu. Kwa hiyo Mama aliweka sheria siku ileile tulipoitoa kwenye boksi: anayepita wa kwanza azigeuze bila kuzitazama, na mwenyewe akija achukue zake. "Karatasi ya mtu ni siri yake," alisema, "hata kama ni orodha ya vitunguu." Mama ni muuguzi. Kutwa nzima anaona siri za watu, na akirudi nyumbani hataki kuona nyingine.

Sote tunafuata. Hata Kaka, ambaye hajawahi kufuata sheria ya kuosha kikombe chake, hugeuza karatasi huku akitazama dari. Mimi pia nageuza. Ila nageuza polepole.

Na si karatasi tu. Mimi ndiye niliyeunganisha nyumba mwezi uliopita, baada ya kusoma kitabu chote cha maelekezo, hata ukurasa unaoonya usioshe printa kwa maji. Sasa watu wanne tunatumia intaneti moja, printa moja, na folda moja iitwayo Familia, iliyo kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni. Kiboksi cha intaneti hutaja kila kifaa kwa herufi na tarakimu tupu, nami nikavipa majina. "Mama" na "Mimi" yalikuwa rahisi. Laptopu mbili za mwisho, ya Kaka na ya mpangaji wetu wa juu, ziliingia mchana mmoja. Hizo nazo nilizipa majina bila kumsumbua mtu. Mtu akichapisha, jina lake hutokea kwenye kioo kidogo cha printa, na kwenye kompyuta ya sebuleni naweza kuona orodha nzima: nani, faili gani, saa ngapi.

Mwanzoni niliitazama orodha ili nijue kama mtandao unafanya kazi. Siku ya tatu nilijua unafanya kazi. Niliendelea kutazama.

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Mawingu yanakuja na kuondoka bila kushusha kitu. Kaka amechapisha "taya_la_chini_3". Yuko mwaka wa pili chuo cha afya na anasoma mifupa. Nilijivuna peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Mpangaji anatengeneza meno ya bandia. Ni mtu mzima, mkimya, anatembea kama anayeogopa kuamsha ngazi. Dirishani kwake huanika meno ya plasta, safu kwa safu, na ukitoka nje ukainua macho unakuta taya kumi na mbili zinakuchekea. Kaka anamwita Bwana Taya.

"Leo Bwana Taya kanisalimia," alisema wakati tunakula. "Nikahisi anayapima meno yangu."

"Yako nani atayataka," Mama akasema. "Hata mswaki hupigi mpaka usukumwe."

Nilicheka, lakini mimi simpendi yule mtu. Hana wageni. Akiongea na simu anafunga mlango. Ana laptopu, na kwenye orodha yangu laptopu yake inakaa kimya siku tatu nne, kisha inazinduka saa za asubuhi, nyumba ikiwa tupu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Nilifika kutoka shule viatu vikitoa povu, na kwenye printa kulikuwa na karatasi moja.

Nikaigeuza polepole.

Katikati ya ukurasa mweupe kulikuwa na duara la buluu. Muhuri. Chini yake mwingine, mdogo kidogo. Kisha wa tatu, umeinama upande wa kushoto, kama vile mtu ameugonga kwa haraka. Maandishi ya ndani yalikuwa yamefifia. Nilisoma neno "MSAJILI" tu. Nikailaza kifudifudi, nikaenda kwenye orodha.

Mpangaji. Saa nne na dakika kumi asubuhi. "muhuri_jaribio_4".

Kama kuna jaribio la nne, lipo la kwanza, la pili na la tatu. Fundi wa meno ana shughuli gani na mihuri?

Jioni karatasi haikuwepo tena. Sikuona aliyeichukua.

Ijumaa, 14 Machi

Matokeo ya Kaka yametoka. Mama aliyasoma mezani kwa sauti, amesimama, bado na sare ya kazi. Mimi nilikaa upande wa pili, karatasi imenipa mgongo.

"Anatomia, themanini na moja."

"Mama, umeshasoma mara tatu. Yatafutika."

"Yafutike nimeyashika mwenyewe. Anatomia, themanini na moja." Akakaa, akavua kiatu kimoja. "Mnajua zamu mbili zinavyochoma nyayo? Leo hazichomi."

Nilitaka kusema kitu kizuri kwa Kaka, na kama kawaida yangu nikasema kibaya. "Ndiyo maana ulikuwa unachapisha mataya."

Kaka akaniangalia. "Mataya gani?"

Nikaona nimejifunga kamba mwenyewe. Nikasema, ya mtihani, nilidhani tu. Akacheka, akanivuta sikio. "Profesa. Soma hadithi zako, mataya mwachie Bwana Taya."

Mama aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa sare, ule wa kifuani.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mama amewaonyesha wauguzi wenzake yale matokeo. Mmoja ameomba kuyapiga picha ampelekee mwanawe.

Jumamosi, 22 Machi

Nilipofuta vumbi meza ya printa niliona vitu vinavyometa: vipande vidogo vya chuma cheupe, vyembamba kama kucha za paka, vimejikunja. Kimoja kilinichoma kidole. Mpangaji hutumia waya kushikiza meno. Kwa hiyo husimama hapa muda mrefu kiasi cha kudondosha. Nimevitia kwenye bahasha na kuandika tarehe.

Ijumaa, 28 Machi

Leo alinikamata. Mvua ilikuwa inamwagika nami nilikuwa nimejibanza barazani nikitafuta ufunguo. Akafika nyuma yangu na mwavuli, akaunyoosha juu yangu, yeye akilowa bega.

"Shikamoo," nikasema kwa mlango.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye uliyeunganisha hii mitambo ya ndani?"

"Ndiyo."

"Umeifanya vizuri. Nina swali dogo tu kuhusu printa. Kile kioo chake, kila nikichapisha..."

Ufunguo ukaingia. Nikasema nina kazi nyingi ya shule, nikapita, nikamfungia mlango usoni, kwa sababu mikono yangu hufanya hivyo ninapoogopa. Kisha nikasimama nyuma ya mlango nikisikiliza anavyotafuta ufunguo wake mwenyewe.

Anataka kujua kioo kinaonyesha nini. Amegundua kwamba kinamtaja.

Jumatano, 2 Aprili

Kwenye folda ya Familia kuna vyeti vyetu, picha, na faili moja nililoliweka mimi mwenyewe mwaka jana: sahihi ya Mama. Niliiskani ili nikipewa fomu ya shule naye yuko zamuni nisimsumbue. Sijaitumia tangu wakati huo.

Leo kompyuta inasema faili hilo lilifunguliwa jana, saa tano asubuhi. Na Mpangaji.

Nimeketi mbele ya kioo cha kompyuta mpaka kikazima chenyewe. Mihuri anayo, na sasa ana sahihi. Ninachofikiria ni nyumba. Baba alipofariki, Mama alisaini karatasi nyingi ili tubaki humu. Mtu mwenye muhuri mmoja na sahihi moja anaweza kusaini nyingine.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwambia Mama. Ilinichukua chai mbili. Sikusema kwamba mimi hugeuza karatasi polepole. Nilisema niliona kwa bahati. Hilo nalo naliandika hapa, kwa sababu hapa siongopi.

Alikuwa anakata kucha za miguu kwenye gazeti. Akaacha.

"Una hakika ni yeye?"

"Orodha inasema ni yeye, Mama. Saa, faili, jina."

"Huenda kakosea kubonyeza."

"Mara nne? Na muhuri wa msajili? Na vyuma hivi?" Nikamwaga bahasha yangu juu ya gazeti, pembeni ya kucha.

Aliviangalia muda mrefu. Mama ameshazoea kuangalia kitu kidogo na kusikia habari kubwa.

"Kaka yako umemwambia?"

"Hapana."

"Usimwambie. Ana mitihani. Atapanda juu akamvunje mtu hayo meno."

Jumamosi, 5 Aprili

Nilikaa ngazi ya tatu nikamsikia Mama juu. Hakumtuhumu. Alisema tu anakihitaji chumba, ndugu zetu wanakuja. Hatuna ndugu wanaokuja.

"Nimekosea jambo, mama?" mpangaji akauliza.

"Hapana. Mambo ya nyumbani."

Nikasikia kitu cha plasta kikiwekwa mezani, taratibu.

"Mwisho wa mwezi?"

"Jumamosi ya tarehe ishirini na sita."

"Haya," akasema. "Haidhuru."

Hakugomba. Nilifikiri, mtu asiye na hatia angegomba.

Wakati wa chakula Mama alimwambia Kaka kwamba mpangaji anahama. Kaka aliacha kutafuna. "Kwa nini?" Mama akasema mambo ya nyumbani. Kaka akanitazama mimi, akatazama kule ilipo printa, akaendelea kula. Nilidhani anamsikitikia.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Kuta za ngazi zinatoa jasho. Kaka ana majeraha madogo vidoleni. Anasema ni maabara.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpangaji ameanza kufungasha. Taya zimebaki saba dirishani.

Jumanne, 15 Aprili

Mpangaji amesafiri siku kadhaa kupeleka meno kwa wateja wake wa mbali. Niliyaona mabegi yake yote mawili mlangoni, na laptopu kwapani, imefungwa kwa mfuko wa plastiki kuikinga na mvua. Nimerudi kutoka shule nikalala kwa amani.

Jumatano, 16 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Shule ilituruhusu saa tatu. Maji yalikuwa yameingia darasani mpaka kwenye miguu ya madawati. Nilifika nyumbani, nikavua viatu barazani, nikaingia pekupeku, ndiyo maana hakuna aliyenisikia. Mama alikuwa zamuni. Kaka nilijua yuko chuoni.

Nikafungua orodha, kwa mazoea tu. Vifaa vilivyo hewani: Sebuleni. Mpangaji.

Nikaisoma mara ya pili. Mpangaji alikuwa mbali, na laptopu yake nilikuwa nimeiona kwa macho yangu ikiondoka kwapani. Na Kaka hakuwa hewani. Nilipoangalia nyuma, kifaa cha Kaka kilikuwa kimetoweka tangu jana saa kumi na mbili asubuhi, dakika ileile mabegi yalipotoka mlangoni.

Nilikuwa bado nahesabu saa hizo wakati printa ilipoanza kuunguruma chini ya ngazi.

Nikaenda. Kioo kikasema: Mpangaji, karatasi 1. Karatasi ikatoka ikiniangalia, na safari hii sikuigeuza, si polepole wala haraka. Ilikuwa na nembo ya chuo cha afya. Majina matatu ya Kaka. Fiziolojia, sabini na sita. Na chini, umeinama upande wa kushoto, muhuri wa buluu wa msajili.

Mlango wa chumba cha Kaka ukafunguka. Alikuwa na suruali ya kazi iliyojaa rangi na, kwenye mikunjo ya magoti, vile vipande vyeupe vinavyometa.

"Mbona uko hapa?" akauliza.

"Darasa limejaa maji."

"Nipe hiyo."

"Wewe mbona hukwenda chuoni?"

Akakaa kwenye ngazi, ile ya tatu, ninayokaa mimi. Kisha akasema kila kitu kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Alifeli anatomia mwaka jana. Akairudia, akafeli tena. Wakamwambia arudie mwaka mzima. Mwezi wa kwanza aliacha kwenda, na anashinda kwenye karakana ya madirisha ya alumini, anakata fremu. Siku ambazo fremu hazijaja anabaki chumbani na kufunga mlango. Chuo kilitaka barua ya mzazi kukubali kwamba ameacha, na barua hiyo aliisaini kwa faili langu.

"Naipenda ile kazi," alisema. "Hilo ndilo baya zaidi. Naipenda."

"Na mataya? Picha za mataya kwenye orodha, chini ya jina lako?"

"Mimi nichapishe mataya ya nini? Mataya ni ya fundi wa meno."

Hapo nikakumbuka jinsi nilivyoyatoa majina. Laptopu mbili, mchana mmoja, mwezi wa pili. Nilikuwa na njia mbili za kujua ipi ni ya nani: kupanda ngazi kumi na nne na kumuuliza mgeni, au kukisia. Niliona moja inatumia intaneti kutwa nzima, nikasema hiyo ni ya Kaka, kwa sababu Kaka anasoma. Ile ya kimya nikampa mpangaji, kwa sababu mpangaji ni mkimya. Nilikisia kwa sababu niliona aibu kugonga mlango.

Nikakumbuka jambo lingine. Kioo cha printa.

"Ulikuwa unaona jina linalotokea," nikamwambia. "Kila ukichapisha. Ulijua linamtaja yeye."

Kaka akaangalia mikono yake.

"Na Mama alipomwambia ahame, ulijua kwa nini."

"Nilihisi," akasema. "Sikujua."

"Ulihisi ukaendelea kula."

Kaka akapangusa vile vipande magotini. Baadaye akasema, "Nipe muda. Nitamwambia Mama mwenyewe kabla ya Jumamosi ile. Profesa, tafadhali. Umemwona anavyotembea na ile karatasi kifuani."

Nikampa karatasi yake. Nikampa na muda.

Alhamisi, 17 Aprili

Hajasema.

Ijumaa, 18 Aprili

Hajasema. Mvua.

Jumatatu, 21 Aprili

Mpangaji amerudi, na dakika aliyowasha laptopu yake, kifaa cha "Kaka" kikatokea hewani. Niliondoka mbele ya kompyuta kama aliyechomwa.

Jumatano, 23 Aprili

Namtazama Kaka sasa kama nilivyokuwa namtazama mpangaji. Nasikiliza anavyofunga mlango. Akicheka, nauliza moyoni anacheka nini. Asubuhi hubeba begi la vitabu, na nimelinyanyua: ndani kuna nyundo. Tangu nimjue duniani ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumchunguza, na orodha yangu nzima ilisimama juu ya hilo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimfuata Kaka uani, alipokuwa anaanua nguo kabla mvua haijarudi.

"Umebakiza siku moja."

"Unadhani sijui?"

"Masanduku yake yako kwenye ngazi. Mama amemwambia aache funguo mezani."

"Ana pa kwenda," Kaka akasema. "Kapata chumba. Nimemsikia kwenye simu. Kwa hiyo hakuna aliyeumia, sivyo? Akishahama, mambo yakitulia, nitazungumza na Mama vizuri."

Akaniangalia kuona kama nimekubali. Yale maneno nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe usiku uliopita, karibu neno kwa neno. Kuyasikia kwenye mdomo wake, nilijua ni uongo.

Ijumaa, 25 Aprili

Hajasema. Dirisha la juu halina taya hata moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama alirudi kutoka zamu saa tatu asubuhi. Gari la mizigo lilikuwa lifike saa sita.

Mimi nilikuwa nimechapisha karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha, nikiwa nimeandika kwa kalamu pembeni jina la kweli la kila kifaa. Ya pili niliiandika mwenyewe na ilikuwa fupi: kwamba nimekuwa nikisoma karatasi za watu tangu mwezi wa pili, kwamba majina ya vifaa nilikisia, na kwamba mpangaji hajafungua chochote cha kwetu. Niliziweka mezani mahali pa Mama, zikiangalia juu.

Kaka alikuwa jikoni, mgongo kwetu. Mama akaingia, akaweka mkoba, akaziona. Na kwa mazoea, huku macho yakiwa dirishani, akanyoosha mkono akazigeuza kifudifudi.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimepanga karatasi ziseme badala yangu.

"Mama," nikasema. "Hizo ni zako. Zigeuze."

Akaniangalia, akazigeuza, akasoma amesimama. Mama husoma polepole karatasi anazotakiwa kusaini. Alipomaliza ya pili akarudi kwenye ya kwanza.

"Kifaa kilichofungua sahihi yangu si cha mpangaji."

"Si chake."

"Ni cha nani?"

Jikoni maji yalikuwa yanatiririka. Kaka alikuwa anaosha kikombe chake. Aliosha kwa muda mrefu sana, kikombe kimoja. Nilimsubiri mpaka nikaona hatasema.

"Cha Kaka," nikasema.

Maji yakakatika. Mama akatia mkono mfuko wa kifuani, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo, akaifungua pembeni ya orodha na kuinyoosha kwa viganja viwili.

"Na hii?" akauliza, bila kugeuka.

"Na hiyo," Kaka akasema.

Mama hakupiga kelele. Alikaa, akavua viatu, vyote viwili, akavipanga. Kisha akaniambia, "Wewe panda juu. Kosa lako ukaliseme mwenyewe. Langu nitakuja kulisema nikishamaliza na huyu."

Nilipanda ngazi kumi na nne na kugonga. Chumba kilikuwa kitupu, na mpangaji alikuwa anafunga meno kwenye magazeti, taya moja moja. Nilimwambia nikiangalia viatu vyake. Nilimwambia habari ya majina, ya muhuri, ya bahasha yenye vyuma, na ya ule mlango niliomfungia usoni. Hakunikatiza.

"Ndicho nilichotaka kukuuliza siku ile," akasema. "Kila nikichapisha kioo kinaniita Kaka. Nikadhani labda umenipa kwa heshima."

"Nimekosea," nikasema. "Samahani. Mama anakuja kukuomba ubaki."

Akafunga taya nyingine na kuiweka sandukuni.

"Nimekusikia, binti, na nashukuru. Lakini sitabaki. Nimeshampa mtu neno kwamba nahamia kwake. Na kusema kweli, nyumba ambayo mtu anaweza kuondolewa bila kuulizwa swali hata moja, nitalalaje humo?" Hakusema kwa ukali. Akanisogezea rundo la magazeti. "Kama una nafasi, nisaidie. Haya ya juu ni mepesi kuvunjika."

Tulifunga mpaka gari likaja. Mama alipanda pekupeku, nami nikatoka nje ya chumba wasemezane, na sikukaa ngazi ya tatu. Nilienda barazani. Aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu, na mpangaji alishuka nyuma yake na sanduku lake, bado anahama.

Nilibeba masanduku sita ya meno hadi kwenye gari, katika mvua, nikiyakinga kwa mwavuli wake. Nikamrudishia mwavuli. Gari likaondoka.

Kisha nikaingia ndani, nikakausha mikono, nikaketi kwenye kompyuta ya sebuleni. Nilifuta faili la sahihi ya Mama. Nilifunga folda ya Familia kwa neno la siri, nikamwandikia Mama neno hilo kwenye kipande cha karatasi, nikakilaza kifudifudi mahali pake. Nilifuta orodha yote ya printa. Nilifuta majina ya vifaa, yote, yakabaki herufi na tarakimu.

Halafu nikaenda mlangoni kwa Kaka. Alikuwa ndani, nilimsikia. Nikagonga. Alipofungua, nikamwomba anionyeshe laptopu yake, tusome namba iliyoandikwa chini yake, ili safari hii nisikisie jina. Akaigeuza. Nikainakili kwenye kiganja kwa kalamu, tarakimu moja moja, yeye akinisomea.